Mimba ya pili haijui kama wewe ni mzoefu

Mimba ya kwanza huwa ni ya ukoo mzima. Mama mkwe anapiga simu kila asubuhi, baba anaomba ruhusa kazini ili amsindikize mwenzake kliniki, shangazi analeta maziwa na matunda, na ndoo ya maji haibebwi na mjamzito. Inapokuja mimba ya pili, mambo hubadilika. Ndoo ni ileile, lakini sasa anaibeba mama mwenyewe, tena huku mtoto wa miaka miwili akimlilia abebwe mgongoni. Akisema kiuno kinamuuma, anajibiwa kwa maneno mawili tu: "Kwani hujawahi?"

Leo ninaandika kwa ajili ya mama anayesubiri mtoto wa pili, na kwa baba wa mtoto huyo. Hoja yangu ni moja: mimba ya pili si marudio ya ile ya kwanza. Ni mimba mpya, katika mwili ambao umeshabadilika, ndani ya nyumba ambayo tayari ina mtoto mwingine anayemtegemea mama huyohuyo. Kuichukulia kwa mazoea ni kosa ambalo familia nyingi hulifanya bila nia mbaya, na gharama yake wakati mwingine huwa ni uhai.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika eneo hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi ni 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015/16 ulitaja vifo 556. Ni jambo la kushukuru. Lakini kutokwa damu nyingi, presha ya mimba na maambukizi, ambavyo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo hivyo, haviulizi kwanza mama ameshazaa mara ngapi.

UZOEFU UNASAIDIA, ILA UNA MPAKA

Simdharau mama aliyekwisha kuzaa. Anajua mambo ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuyaeleza vizuri kama yeye. Anautambua mchezo wa mtoto tumboni mapema, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na 18, wakati mwenye mimba ya kwanza husubiri hadi karibu wiki ya 20. Anajua kumweka mtoto kwenye titi. Anajua uchungu wa kweli ukoje na ule wa kudanganya ukoje.

Lakini uzoefu huo hauongezi damu mwilini. Haushushi presha. Haumwambii mama kondo la nyuma limejishikiza wapi safari hii. Mambo haya hujulikana kwa kupimwa tu, na kupimwa kunahitaji kwenda kliniki mapema.

Hapa ndipo wengi hukosea. Katika mimba ya kwanza mama huwahi, kwa sababu ana hofu na shauku. Katika ya pili husema, "Nitaanza tumbo likionekana, foleni ya kule naijua." Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 likishauri mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla wiki ya 12 haijapita. Mwongozo huo hautofautishi mimba ya kwanza na ya tano.

Sababu ya haraka hiyo ni kwamba baadhi ya huduma zina muda wake. Dawa ya SP ya kumkinga mjamzito na malaria huanza kutolewa kuanzia wiki ya 13, kisha hurudiwa kwa kupishana angalau mwezi mmoja. (Mama anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, hivyo amweleze mhudumu.) Kipimo cha picha, yaani ultrasaundi, kinashauriwa kifanyike kabla ya wiki ya 24, na kadiri kinavyofanywa mapema ndivyo kinavyotaja umri wa mimba kwa uhakika zaidi. Mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha kali anaweza kuandikiwa na daktari aspirini ya kiwango kidogo, na dawa hiyo inatakiwa ianze kabla ya wiki ya 20. Anayefika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na miezi sita ameshaikosa nafasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mazoea huliharibu. Mama husema, "Vipimo nilishapima kwa yule wa kwanza." Majibu yale yalikuwa ya mimba ile. VVU, kaswende, wingi wa damu, sukari na protini kwenye mkojo hupimwa upya kila mimba, na baba naye apime upya. Chanjo ya pepopunda pekee ndiyo huendelea kuhesabiwa kutoka pale ulipoishia, ndiyo maana kadi ya zamani haitakiwi kutupwa. Itafute, hata kama imeliwa na panya pembeni, uende nayo.

SIMULIA UZAZI WA KWANZA BILA KUFICHA

Siku ya kwanza kliniki utaulizwa habari za uzazi uliopita. Akina mama wengi hujibu kwa kifupi, "Nilijifungua salama," kwa sababu mtoto yupo hai na wao wapo hai. Lakini salama hiyo inaweza kuwa imeficha mambo mengi ambayo mhudumu anayahitaji.

Kaa chini na mwenzako siku moja kabla, mkumbushane. Je, mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia? Alikuwa na uzito gani? Ulipata presha, kuvimba uso, au degedege? Sukari ilipanda? Baada ya mtoto kutoka, kondo la nyuma lilikwama? Ulitokwa damu nyingi, uliongezewa damu? Ulichanika vibaya? Mtoto alipata manjano akalazwa? Wewe mwenyewe, baada ya kujifungua, ulipitia wiki za huzuni nzito, kulia bila sababu au kumwona mtoto kama mzigo?

Kila swali hapo lina maana yake. Mama aliyetokwa damu nyingi mara ya kwanza yuko katika hatari zaidi ya kutokwa damu tena, hivyo hatakiwi kujifungulia mahali ambapo hakuna damu ya kuongezewa. Mama aliyejifungua njiti anahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Mama aliyepata sonona baada ya uzazi wa kwanza anaweza kuipata tena, na familia ikijua mapema itamsaidia badala ya kumwita mvivu.

Usisubiri kuulizwa. Foleni ikiwa ndefu maswali hufupishwa. Wewe ndiye unayeijua historia yako, kwa hiyo itangulize mezani.

KAMA ULIJIFUNGUA KWA UPASUAJI

Mama mwenye kovu la upasuaji anasubiri mtoto wa pili akiwa na maswali yake peke yake. Wapo wanaoamini kwamba aliyepasuliwa mara moja lazima apasuliwe tena. Si kweli kwa wote. Wapo pia wanaoapa kwamba safari hii watazaa kawaida, iwe isiwe, na kwa kukwepa kisu wanabaki nyumbani hadi dakika ya mwisho. Hawa ndio wanaonitia hofu zaidi.

Uamuzi unategemea sababu ya upasuaji ule wa kwanza, aina ya mkato uliofanywa kwenye mfuko wa uzazi, muda uliopita tangu wakati huo, na hali ya mimba hii. Kovu unaloliona kwenye ngozi halionyeshi mkato wa ndani ulikuwaje. Kwa hiyo, kama ulijifungulia hospitali nyingine, omba maelezo ya maandishi na uyapeleke kliniki.

Kwa aliyepasuliwa mara moja kwa mkato wa kawaida wa chini, hospitali zenye uwezo wa kumfuatilia vizuri hufanikiwa kumsaidia kujifungua kwa njia ya kawaida katika takribani mara 7 kati ya 10 za wanaojaribu. Lakini katika uchungu huo kuna uwezekano wa kovu la ndani kuachia, takribani mara 1 kati ya 200. Likiachia, mama na mtoto wana dakika chache tu. Ndiyo maana mwenye kovu hajaribu nyumbani wala katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Na asinywe kabisa dawa za miti za kuongeza uchungu, hata zikiletwa na mtu anayempenda.

Jambo la pili ni kondo la nyuma. Kwa mama mwenye kovu, kondo linaweza kujishikiza chini, juu ya lile kovu, na wakati mwingine likazama ndani ya nyama ya mfuko wa uzazi. Kipimo cha picha huonyesha hilo mapema. Ukiona damu inatoka katika miezi ya mwisho, hata kama huna maumivu yoyote, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kutokuwa na maumivu hakumaanishi usalama.

KUNDI LA DAMU LENYE ALAMA HASI

Kuna tatizo moja ambalo kwa kawaida humwacha mtoto wa kwanza na kumsubiri wa pili. Linahusu mama ambaye kundi lake la damu ni hasi, kwa mfano O hasi au A hasi. Ni wachache kati yetu, lakini wapo, na wengi hawajijui.

Ikiwa mtoto amerithi damu chanya kutoka kwa baba yake, damu ya mtoto inaweza kuchanganyika na ya mama, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wa mama huiona damu hiyo kama mgeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Wakati huo mtoto wa kwanza ameshazaliwa, hivyo mara nyingi hadhuriki. Anayefuata, kama naye ana damu chanya, hukuta kingamwili zikimngoja. Hupenya kwenye kondo na kuvunja chembe nyekundu za damu yake, akapungukiwa damu, akazaliwa na manjano makali, au akafia tumboni.

Familia nyingi zimeuita msiba wa namna hii kurogwa. Nyumba zimegawanyika, wifi na mawifi hawasalimiani, kumbe jibu lilikuwa kwenye kipimo cha kundi la damu. Hilo pia halimaanishi kwamba mume na mke "hawaendani" na waachane. Ipo sindano iitwayo anti-D, ambayo mama mwenye damu hasi huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya, na pale inapowezekana huchomwa pia mimba ikiwa na wiki kama 28. Hutolewa hata baada ya mimba kuharibika au kutunga nje ya kizazi. Inazuia kingamwili zisitengenezwe, lakini zikishatengenezwa haiwezi kuzifuta.

Kwa hiyo uliza kundi lako sasa. Kama ni hasi, uliza pia kama ulichomwa sindano hiyo mara ya kwanza, na anzeni mapema kujua inapatikana wapi na kwa bei gani, kwa sababu si kila kituo huwa nayo.

UCHUNGU WA PILI HAUNA SUBIRA

Mama anakumbuka kwamba kwa mtoto wa kwanza uchungu ulianza jioni na alijifungua kesho yake mchana. Sasa uchungu unaanza, naye anahesabu kwamba ana muda: amalize kufua, apike, amlaze mkubwa, ndipo amwamshe mzee waende. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya akina mama wajifungulie kwenye bajaji.

Uzazi wa pili kwa kawaida huenda haraka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema kwamba njia ikishafunguka sentimita 5, kwa uzazi wa kwanza kipindi hicho kwa kawaida hakizidi saa 12, na kwa uzazi unaofuata hakizidi saa 10. Kusukuma hakuzidi saa 3 kwa wa kwanza, na saa 2 kwa wanaofuata. Hiyo ni mipaka ya juu. Wengi humaliza mapema zaidi, na wapo ambao kati ya uchungu kukolea na mtoto kulia hupita muda mfupi sana.

Usitegemee pia tumbo "kushuka" likupe taarifa. Katika mimba ya kwanza kichwa cha mtoto mara nyingi hushuka kwenye nyonga wiki kadhaa kabla. Katika mimba zinazofuata kinaweza kubaki juu mpaka uchungu uanze.

Mipango basi iwahi. Kufikia mwezi wa nane, begi liwe limefungwa: kanga, nguo za mtoto, na vifaa vyote mlivyoelekezwa kliniki. Namba ya dereva wa bajaji au bodaboda mnayemwamini iwe kwenye simu zote mbili, na awe ameambiwa kwamba anaweza kupigiwa usiku. Ulizeni kliniki jinsi mfumo wa usafiri wa dharura wa M-mama unavyofanya kazi katika wilaya yenu. Namba yake ya bure ni 115. Mnaokaa mbali na hospitali, fikirieni kusogea kwa ndugu aliye karibu wiki mbili au tatu kabla ya tarehe. Na muwe na jirani mmoja ambaye hata saa nane za usiku atafungua mlango ampokee mtoto mkubwa. Akina mama wengi wa uzazi wa pili huchelewa hospitali kwa sababu hii tu: hakuna wa kumwachia mtoto.

Ukishajifungua, usishtuke tumbo la chini likikukaba kuliko mara ya kwanza, hasa unaponyonyesha. Mfuko wa uzazi unajikaza kurudi mahali pake, na kwa uzazi wa pili maumivu hayo huwa makali zaidi. Lakini damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au ukihisi kizunguzungu na jasho la baridi, hiyo ni dharura. Usiruhusu mtu akuambie ni damu chafu inatoka.

ALIYETANGULIA NAYE NI MGONJWA WETU

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu watoto waliovimba miguu, ngozi zikibanduka na nywele zikibadilika rangi. Aliutaja ugonjwa huo kwa jina ambalo wenyeji wa kabila la Ga walikuwa wakilitumia: kwashiorkor, ambao sisi tunauita kwashakoo. Kwa maelezo yao, ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mwenzake anakuja.

Huku kwetu tuna neno linalokaribiana na hilo: kubemenda. Mtoto akidhoofu wakati mama ana mimba nyingine, mitaani husemwa amebemendwa, na wazazi hunyooshewa vidole. Nasema wazi: tendo la ndoa halimdhoofishi mtoto, na maziwa ya mama mjamzito si sumu. Ila wazee waliona jambo la kweli, hata kama walilieleza kwa njia yao. Mtoto anayeachishwa ziwa ghafla na kupewa uji mweupe usio na kitu hudhoofu.

Kama mimba inaenda vizuri, mama anaweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa hupungua na ladha yake hubadilika, na baadhi ya watoto huacha wenyewe. Aliyewahi kutokwa damu katika mimba hii au kujifungua njiti amuulize mhudumu kwanza. Lakini kwa vyovyote vile, mtoto aliye chini ya miaka miwili anahitaji chakula cha kuziba pengo hilo: yai, dagaa waliosagwa, maharage, karanga kwenye uji, maziwa, mboga, matunda, mara kadhaa kwa siku. Mama naye anakula kwa ajili ya mwili unaolisha wawili, hivyo asiwe wa mwisho kufunua sufuria.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu mtoto azaliwe kabla mama hajashika mimba nyingine. Kama yako imekuja mapema kuliko hapo, sikuhukumu, wala usikubali kuhukumiwa kliniki. Chukua tu hatua zaidi: pima wingi wa damu mapema, meza vidonge vya kuongeza damu bila kuruka, na mpeleke mkubwa kupimwa uzito kila mwezi. Kadi yake isisahaulike kabatini kwa sababu ya kadi mpya. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18, umri ambao katika nyumba nyingi ndio mama anaanza kichefuchefu cha mimba inayofuata.

Moyo wake nao uangaliwe. Tunapenda kumtania: "Ngoja mwenzio aje, utakoma!" Mtoto wa miaka miwili hajui utani huo. Anachosikia ni kwamba anakuja mtu wa kumnyang'anya mama. Kisha anaanza kukojoa kitandani, anataka kunyonya tena, anampiga mama tumboni, naye anachapwa. Badala yake mwambieni kwa maneno mepesi kwamba kuna mdogo wake anakuja. Mwonyesheni nguo, mwacheni aguse tumbo. Kama ni lazima aende kwa bibi, aende mapema na kwa kuzoea, asiondolewe usiku mmoja na kurudi mwezi baadaye akikuta mahali pake pana mtu.

KWA MAMA AMBAYE WA KWANZA HAYUPO

Si kila anayesubiri mtoto wa pili ana wa kwanza nyumbani. Kuna mama ambaye mtoto wake alizaliwa bila kulia, au aliishi siku chache. Anaulizwa kliniki, "Mimba ya ngapi? Watoto hai wangapi?" na kati ya majibu hayo mawili kuna kaburi.

Mama huyu huhesabu kila teke. Haendi kununua nguo za mtoto kwa kuogopa. Watu humwambia asahau, Mungu amempa mwingine. Tafadhali msimwambie hivyo. Huyu anayekuja si fidia ya yule aliyeondoka. Mama ana haki ya kumtaja kwa jina, kumlilia, na papo hapo kumfurahia huyu.

Kitabibu, mimba yake inahitaji jicho la karibu zaidi: kutafuta chanzo cha kifo kile ikiwezekana, na kujifungulia hospitali. Akija mara tatu kwa wiki kusema mtoto hachezi kama jana, apokelewe mara zote tatu. Mtoto kupunguza kucheza ni dalili ya hatari kwa mjamzito yeyote, sawa na kutokwa damu, maji kutoka kabla ya wakati, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa au degedege. Dalili hizi hazingoji tarehe ya kliniki.

BABA, NA SISI WENGINE

Baba, safari hii unahitajika zaidi, si pungufu. Mara ya kwanza kazi yako ilikuwa kumtunza mke. Sasa yuko mtoto mwingine anayetakiwa kuogeshwa, kulishwa na kubembelezwa alale, na mama hawezi kugawanyika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa angalau siku 3 za likizo yenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa maoni yangu siku hizo ni chache mno kwa nyumba yenye watoto wawili, na ni jambo la kujadiliwa. Lakini hata hizo chache wanaume wengi hawaziombi. Ziombe. Na kama umejiajiri, jipe mwenyewe.

Kwa wahudumu wenzetu wa afya nina ombi moja pia. Neno "wewe si mzoefu?" huonekana dogo, lakini linamfunga mama mdomo. Ataondoka na maumivu ya kichwa aliyokuja nayo kwa sababu ameona aibu kuyataja. Mpeni mwenye mimba ya pili maswali yaleyale na dakika zilezile mnazompa mgeni.

Na wewe mama, kama unasoma hapa na bado hujaanza kliniki kwa sababu hii si ya kwanza, weka gazeti chini utafute ile kadi ya zamani. Kesho asubuhi nenda nayo, na umchukue baba. Mkubwa akilia kubaki, nendeni naye, akapimwe uzito.